Maua Juu ya Paa la Jiko

Watu wa Kimanga, mtaa wa mji wa Uvira, walimjua Kankindi kwa ugali wake mgumu, na kwa neno lake lililokuwa gumu kuliko huo ugali. Akisema kesho, ni kesho. Akisema hapana, hata mumewe Térence, fundi uashi mwenye mikono mipana kama sepetu, alivaa kofia yake taratibu na kwenda kujitafutia shughuli nyingine. Kwa hiyo siku ile alipofungua mdomo mbele ya wageni kutoka Bijombo na kutoa ahadi ambayo hakujua ataitimiza vipi, hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kumwambia airudishe.

Wageni hao walikuwa wamekuja kumposa binti yake, Marie-Rose. Kijana mwenyewe, Félicien, alikuwa mpole na mchapakazi, wala yeye hakumtia mtu wasiwasi. Wasiwasi ulikuwa kwa mama yake. Mama huyo, Gloriose, alikuwa mwanamke mrefu aliyezaliwa na kuzeekea kati ya ng'ombe huko milimani, na alipoketi kwenye kiti cha wageni aliutazama ua wa nyumba ile ya mjini kama mtu anayetazama mfupa usio na nyama. Ua ulikuwa umefagiliwa mpaka udongo ukang'aa. Hapakuwa na jani hata moja.

"Huku munanunua kila kintu," Gloriose akasema, akiweka chini kikombe chake cha pombe ya ndizi. "Mboga munanunua. Ndizi munanunua. Igisabo cha mutoto nacho mutanunua?"

Igisabo ni kile kibuyu kikubwa chenye tumbo la mviringo, ambacho wanawake wafugaji hukipakata mapajani na kukisukasuka mpaka maziwa yatoe siagi. Kule juu baridi haikiachi kikue, kwa hiyo familia inayooa bondeni hutazamia kije na bibi arusi, kimekuzwa nyumbani kwao na mkono wa mama yake. Anayefika na cha sokoni hapigwi wala hafukuzwi. Anasemwa tu. Anasemwa akipika, anasemwa akizaa, anasemwa mpaka anakuwa bibi mwenye wajukuu.

Kankindi alisikia swali lile na masikio yakamwaka moto. "Kitaota hapa," akasema. "Hapa hapa kwangu. Siku ya kumuchukua mutoto, utakiona na macho yako."

Nyuma ya pazia Marie-Rose akajishika kichwa. Mama yake alizaliwa Luberizi, kwenye mashamba ya mpunga, akaja Uvira akiwa bibi arusi, na katika maisha yake yote hakuwahi kupanda hata kibuyu cha kuchotea maji.

Mbegu alizipata kwa kaka yake Manirakiza, aliyebaki Luberizi. Zilikuja zimefungwa kwenye kitambaa, mbegu chache bapa, pamoja na salamu za kumcheka. Kankindi alizichimbia nyuma ya jiko, mahali alipomwaga maji ya kuoshea vyombo kila siku, na mvua za masika zikamsaidia. Mimea ilitoka kwa fujo. Kila alipoamka aliikuta imesogea, imeshika mawe, imeshika kuni, imepita mahali pa kuogea na kuzungukia nyuma, majani yake makubwa na laini kama masikio ya ndama. Yule mwanamke aliyekuwa akifagia ua mara mbili kwa siku akawa anapita na ufagio kwa kunyata, asije akagusa kikonyo.

Halafu maua yakaja. Meupe, membamba, yanafunguka jua likielekea kuzama na kusinyaa asubuhi. Kankindi alifurahi wiki ya kwanza. Wiki zilizofuata akaanza kuyachunguza kwa karibu, na furaha ikapungua, kwa sababu yalikuwa maua ya bure: kikonyo kirefu chembamba, na chini yake hakuna kitu. Ua lenye kibuyu huonekana tangu likiwa changa, lina kitumbo kidogo cha kijani mgongoni. Yeye hakupata hata moja. Yalichanua, yakaanguka, yakachanua tena, yakaanguka tena.

Jirani yake Bernardine, aliyekuwa akikausha ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwenye ua wake upande wa juu wa kilima, alikuja kuyatazama akacheka mpaka akakaa chini. "Mama Marie-Rose, weye umezaa madume matupu."

"Jike litakuja," Kankindi akajibu. "Na likikuja, weye ndiye wa kwanza nitakuita, ufunge huo mudomo."

Kabla jike halijaja, akaja Étienne. Huyu alikuwa mkaguzi wa usafi, kijana aliyevaa kaptura iliyopigwa pasi na kupita nyumba kwa nyumba akitafuta maji yaliyotuama, takataka na majani marefu. Hakuwa mtu mbaya. Mwaka uliotangulia homa ilikuwa imewalaza watu wengi pale mtaani, na nyoka mmoja alikuwa ametolewa chini ya kitanda cha mtoto, kwa hiyo alipoona msitu ule nyuma ya jiko hakuhitaji kufikiri sana.

"Mama, hii iko nyumba ya mbu na nyoka. Parsele yote, ua na nyuma ya nyumba, inapashwa kuwa safi mpaka ku ukuta. Nikirudia kesho, nisiikute."

"Niachie mpaka kikomae."

"Kikomae nini? Minye sioni kibuyu hapa. Naona majani tu."

Neno hilo lilimchoma Kankindi kwa sababu lilikuwa kweli. Kama angekuwa na kibuyu kimoja tu cha kuonyesha, hata cha ukubwa wa kidole, angelisimama mbele yake na kupigana na kaptura ile mpaka ikunjike. Lakini hakuwa nacho. Étienne alipoondoka, alichukua panga akaikata mimea yeye mwenyewe, shina kwa shina, maana hakutaka mkono wa mtu mwingine uiguse. Akaiburuta yote mpaka shimo la takataka. Kisha akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akalia. Tusimfiche: alilia kwa sauti, kamasi zikamtoka, na Térence aliporudi kazini akamkuta bado analia hakujua la kufanya na mikono yake mikubwa isipokuwa kuwasha moto na kupika chakula kibaya, ambacho walikila wote mpaka kikaisha.

Asubuhi macho yalikuwa yamevimba lakini kibwebwe kilikuwa kimefungwa. Akatuma mtu Luberizi kuomba mbegu nyingine. Jibu la Manirakiza likaja fupi: panya wamekula zote, angoje msimu ujao. Msimu ujao Marie-Rose angekuwa ameshaolewa.

"Mama," binti akamwambia jioni, wakichambua maharage, "ku soko ya Uvira viko vizuri, vinaletwa na batu ya bondeni. Tununue kimoja, tukifukize na moshi ya jiko kifanane cha nyumbani. Nani atajua?"

"Minye nitajua."

"Weye haukai Bijombo."

"Ndiyo. Weye utakaa, na kila siku utashika kibuyu ya uongo kwenye mapaja yako mbele ya yule mwanamuke. Nitakutuma huko na uongo? Chambua maharage."

Hivyo Kankindi akabaki na ahadi yake, bila mbegu na bila mmea. Mvua zikakatika. Ziwa likatulia, vumbi likaanza kupanda, na kila mtu aliyepita akitoka milimani alimfanya ashtuke akidhani ameleta ujumbe wa Gloriose. Usiulize kama alikata tamaa. Hakukata, ila tamaa yake haikuwa tena na kitu cha kushika, na hilo huchosha zaidi kuliko kukata tamaa. Aliendelea kumwaga maji ya vyombo pale pale nyuma ya jiko, juu ya udongo mtupu, kwa mazoea tu.

Ndipo jioni moja Bernardine aliposimama kwenye ua wake kule juu, akikusanya ndagala zake kabla ya umande, akapaza sauti: "Mama Marie-Rose, nani amekuanikia vitambaa vyeupe juu ya jiko? Vitashika moshi."

Kankindi alikuwa hajaanika kitambaa chochote. Akatoka mlangoni, akatazama paa la nyasi la jiko kwa upande wa mbele, hakuona kitu. Akazunguka nyuma, mahali pembamba kati ya jiko na mawe ya kuogea, mahali ambapo hata yeye mwenye ufagio alipita mara chache. Akainua macho. Ndimi za moshi zilikuwa zikipenya kwenye nyasi kama kila siku, na katikati ya moshi ule yalikuwa yamefunguka maua. Mengi. Meupe kabisa, yametanda juu ya nyasi nyeusi za paa kana kwamba kuna mtu amepanda kwa siri na kuyapanga moja moja.

Alisimama pale kinywa wazi. Kisha akapiga magoti na kufuata ule mmea kwa vidole, kutoka ukutani kwenda chini, mpaka kwenye mawe ya kuogea, na hapo akaelewa. Siku ya panga alikuwa amekata mashina. Lakini kipande kimoja cha mmea, katika kuzungukazunguka kwake, kilikuwa kimeingia chini ya jiwe, kikakuta udongo unaonyweshwa na maji ya kuoga ya familia nzima, na hapo kwenye kifundo kikatoa mizizi yake chenyewe. Kankindi alipoukata mmea mama, chenyewe kilikuwa tayari kinajitegemea. Kilipanda ukuta bila kumwomba mtu ruhusa, kikatafuta jua, kikalikuta juu ya paa.

Kankindi akaitisha ngazi. Térence akaishika, Marie-Rose akamshika Térence, na yeye akapanda kwa miguu mitupu, kitenge kimekunjwa magotini, mpaka uso wake ukawa sawa na maua. Akayapekua kwa pumzi iliyozuiwa. La kwanza la bure. La pili la bure. La tatu lilikuwa limekaa kwenye kikonyo kifupi, na mgongoni mwake kulikuwa na kitumbo cha kijani, chenye manyoya laini, kinachotoshana na ncha ya kidole gumba.

Kelele aliyoipiga ilisikika mpaka kwa wavuvi. Bernardine akaacha ndagala zake kwa paka akateremka mbio, akidhani mtu ameungua. Alimkuta Kankindi yuko juu ya ngazi anacheka na kulia kwa pamoja, masizi usoni, anaimba wimbo wa kulelea watoto na kutikisa mabega mpaka ngazi inalia. Yule mwanamke wa neno gumu alikuwa amelainika kama siagi, na hakuona haya. Alimfanya kila mmoja apande kutazama: mumewe, binti yake, Bernardine mwenye mdomo wake. Bernardine akatazama, akashuka, akanyamaza kimya, na kwa wanaomjua hilo nalo lilikuwa ajabu.

Furaha ilipotulia, kazi ikaanza. Kankindi aliamua kwamba kitu hiki hakitamponyoka mara ya pili. Kitumbo kilipofikia ukubwa wa ngumi alisuka ngata ya majani makavu ya ndizi, ile ile ya kubebea mtungi kichwani, akakikalisha kibuyu juu yake ili makalio yake yawe bapa na kisije kikaviringika. Kiangazi kilipokaza, alihamisha kuoga kwa familia: kila mmoja aoge pale pale, kila siku, mchafu na msafi, na asiyetaka akaoge ziwani, na akahamie huko huko. Alipika kwa kuni kavu tu ili moshi usizidi. Usiku panya walipochakura kwenye paa, alilipiga kwa mwiko kutoka ndani.

Étienne alirudi, kama ilivyokuwa kazi yake. Akazunguka nyuma, akasimama, akakuna shingo.

"Mama. Tuliongea."

"Tuliongea juu ya chini," Kankindi akasema. Alikuwa amesimama kati yake na ukuta, mikono kiunoni. "Ulisema parsele iwe safi. Angalia chini. Iko jani?"

Étienne akatazama chini. Hapakuwa na jani.

"Na juu ya ukuta?"

"Mbu wanalala ku majani ya ukuta, au ku kikonyo?"

"Ku majani."

"Basi nitaondosha majani yote ya ukutani, kibaki kikonyo kama kamba ya nguo. Ya juu ya paa nitaiacha. Panda ngazi uangalie kama iko maji, kama iko nyoka. Na safari hii kibuyu kiko, usiniambie hauoni."

Kijana akapanda. Alikaa juu muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa kutafuta nyoka. Aliposhuka alisema kuwa majani ya ukutani yatolewe siku ile ile, naye atapita kuangalia, na akapita kweli, tena na tena, hata siku ambazo mtaa ule haukuwa zamu yake. Kila mara aliuliza kimefikia wapi.

Kilifikia kichwa cha mtoto, kisha kikapita. Maua mengine ya jike yalikuja na kuanguka, lakini hicho kimoja kilishika, kikajaa, kikawa na shingo fupi na tumbo la mviringo kama kilichofinyangwa. Kankindi alianza kukiota. Tatizo lilibaki moja tu, nalo lilikuwa kubwa. Kibuyu lazima kikauke kwenye mmea wake, mpaka kikonyo kife chenyewe. Ukikikata kibichi kinanyauka na kuoza, hakibebi maziwa. Hicho cha Kankindi kilikuwa kimechelewa kuzaliwa, na watu wa Bijombo walituma habari kwamba wanataka kumchukua binti kabla mvua hazijaharibu njia za milimani. Gloriose alikuwa anateremka mwenyewe kupanga siku.

"Tukikate," Marie-Rose akasema. "Siku ya ndoa kitaonekana kizuri. Kikioza nyuma ya siku hiyo, tutasema bahati mbaya."

Usiku ule mama yake hakulala vizuri, akipanga maneno.

Gloriose alifika jioni mapema na fimbo yake na vumbi la njia miguuni. Kabla hajaketi, kabla hajapewa maji, Kankindi alimwambia, "Bamwana, kuya kwanza huku nyuma," na neno hilo, ambalo wazazi wa pande mbili za ndoa huitana kwa heshima, alilisema kama mtu anayefunga mlango kwa taratibu. Akampitisha kando ya jiko, akamwonyesha paa.

"Uliomba igisabo ya nyumba yangu. Iko pale. Bado iko kibichi. Mutoto ataenda siku mutakayotaka, ataenda mikono mitupu, na kikikauka minye nitakibeba ku kichwa yangu mpaka kwako. Sitakikata leo kwa kuogopa weye, na sitanunua ingine. Kama haikufurahishi, uniambie minye hapa. Usiende kumwambia mutoto kule mulimani, pale minye siko."

Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi wa kila namna, na majibu yake yalikuwa yamepangwa mdomoni.

Gloriose aliegemeza fimbo ukutani, akajaribu ngazi kwa mguu mmoja, akapanda, mtu mzima yule, mifupa yake ikilalamika. Akafika juu. Jua lilikuwa linashuka upande wa milima, na ua moja la mwisho, lililochelewa kuliko yote, lilikuwa limeanza kufunguka karibu na kibuyu. Alilitazama likimaliza kufunguka. Kisha akaweka kiganja chake juu ya tumbo la kibuyu, akakiacha hapo.

"Tangu nina akili nasuka maziwa mu hii kintu," akasema bila kugeuka, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama yangu alisuka. Minye sijakiona hata siku moja kingali hai. Sikujua kwanza kinakuwa ua."

Chini ya ngazi Kankindi alisahau majibu yake yote.

Gloriose alikaa kule juu mpaka Bernardine akaanza kukusanya ndagala. Aliposhuka alijifuta macho kwa ncha ya kitenge bila kujificha, akachukua fimbo yake. "Mutoto atakuja siku ile tulisema. Na mikono mitupu, sawa. Kikikauka unitumie habari, nitashuka minye mwenyewe, mvua ao hapana. Nitakikata na mukono yangu."

"Hapana," Kankindi akasema. "Kukikata ni minye. Weye utashika ngazi."

Marie-Rose akafumba macho. Gloriose akamtazama mwanamke huyu mfupi wa mjini, aliyekuwa na masizi kwenye shavu na kidevu juu. Kisha akacheka, kicheko kirefu cha mtu asiyecheka mara nyingi.

"Nitashika ngazi," akasema, na wakaingia ndani kunywa maji.